Kwenda Burundi kwa njia ya Manyovu: jinsi ya kuomba hati ya dharura ya safari

Simu hulia alfajiri. Shangazi wa Mabanda, ng'ambo Burundi, hayupo tena, maziko ni kesho kutwa, na ukoo wote wa upande huu unatakiwa ufike. Familia nyingi za Kigoma zimewahi kupokea simu kama hiyo, kwa sababu mpaka wetu na Burundi ulipita katikati ya koo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yanafanana, na wako watu ambao shamba lao liko huku na wakwe zao wako kule.

Simu ikishakatwa, wengi huwaza njia ya panya: unashuka bondeni, unavuka, unazika, unarudi. Nakusihi usifanye hivyo. Ukikamatwa upande wa pili umeingia kinyume cha sheria, na ukikamatwa unarudi bila karatasi yoyote, utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba wewe ni Mtanzania huku umesimama kwenye ardhi ya kwenu. Njia halali ipo na bei yake haiumizi. Kinachosumbua watu ni kuianza wakati msiba umeshafika.

Kwa asiyeijua Manyovu: ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Buhigwe, juu milimani, penye baridi ya asubuhi, migomba, kahawa na maharage kila upande. Kutoka Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, ni lami ya kama kilometa 60. Ukivuka unaingia Mugina, na kutoka hapo barabara inakupeleka Mabanda na Makamba, au inateremka ziwani Nyanza-Lac.

Hati gani hasa?

Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, peke yake hakikuvushi. Watu husikia kwamba Afrika Mashariki tunasafiri kwa vitambulisho, lakini mpango huo ulioanza Januari 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania anayekwenda Burundi anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari.

Pasipoti ya kielektroniki ni Sh150,000 na inadumu miaka 10. Kama una ndugu wa karibu ng'ambo na unajua utakwenda tena na tena, kusanya fedha uichukue, hata kama ni kwa kuuza gunia mojamoja. Hati ya dharura ni ya muda mfupi na ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na pasipoti. Ndiyo inayomfaa mtu wa msiba, harusi au kumjulia hali mgonjwa, na ndiyo nitakayoieleza. Mengi ya hapa chini yatakufaa hata ukiomba pasipoti, kwa kuwa ushahidi wa uraia unaotakiwa karibu ni uleule.

Kwanza, makaratasi ya nyumbani

Hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Anza na namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Kadi ikiwa haijatoka si kikwazo, namba inatosha kuanzia. Kisha cheti chako cha kuzaliwa. Usipokuwa nacho, kinaombwa kupitia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na huku wilayani huduma hiyo iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ongeza cheti cha kuzaliwa cha baba au mama. Wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani, mkunga akiwa bibi wa jirani, na cheti hawakuwahi kukiona. Kwao hutumika hati ya kiapo cha kuzaliwa, inayoandikwa mbele ya wakili au hakimu.

Sasa weka karatasi zote mezani uzisome majina herufi kwa herufi. NIDA imeandika Yohana, cheti kimeandika Johana, cheti cha darasa la saba kinasema John. Kijijini ni mtu mmoja anayejulikana na kila mtu, lakini ofisini hao ni watu watatu. Nilirudishwa nyumbani kwa herufi moja tu katika jina la baba, na nikakosa maziko ya mtu aliyenilea. Tangu siku hiyo kila ndugu anayenipigia simu namuuliza kwanza habari za majina. Dawa yake ni kiapo cha majina kwa wakili, kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya siku moja ukiwahi, na ni ukuta ukichelewa.

Halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho. Mwombe ataje kitongoji ulichozaliwa, wazazi wako na muda mlioishi hapo, aweke tarehe na apige muhuri. Barua inayosema tu "ni mkazi wangu" haikusaidii sana. Cheti cha shule ya msingi nacho kichukue, hata kama kimechakaa. Kwa mtu wa Buhigwe, Kasulu au Kibondo, karatasi inayoonyesha kwamba ulisoma hapahapa ukiwa na miaka kumi ina uzito mkubwa.

Neno kwa wale ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye wakapewa uraia wa Tanzania, kama wengi wa Ulyankulu kule Kaliua, Tabora. Ushahidi wenu mkubwa ni cheti cha uraia wa tajnisi cha mzazi. Toeni nakala, na cheti chenyewe kifungieni sandukuni.

Mwisho, uwe na kitu kinachoonyesha sababu ya safari: kadi ya mwaliko wa harusi, barua ya hospitali, au barua ya mtendaji inayoeleza msiba. Piga na picha za pasipoti. Mwambie mpiga picha ni za uhamiaji, naye atajua kuweka nyuma rangi ya bluu bahari.

Fomu na malipo

Fomu hujazwa mtandaoni, kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, immigration.go.tz. Chagua hati ya dharura ya safari badala ya pasipoti, jaza, hifadhi. Utapewa namba ya ombi, iandike kwenye daftari, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi ndiyo itakayokurudisha ulipoishia. Kisha utapata kontrol namba ya kulipia kwa simu, benki au wakala. Fedha yote ya serikali inalipwa kwa namba hiyo. Hakuna afisa anayetakiwa kupokea ada yako mkononi, na hakuna kijana wa nje ya geti anayeweza kukuharakishia chochote.

Kama hujazoea kompyuta, nenda stesheneri, lakini kaa pembeni ya anayekujazia. Umtajie majina wewe mwenyewe kutoka kwenye cheti, yeye asiyaandike kwa kusikia. Ukimaliza, chapisha fomu, saini, ambatanisha nakala.

Kuwasilisha na kuhojiwa

Peleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Kigoma mjini, au ofisi ya wilaya yako. Wahi asubuhi. Chukua karatasi halisi pamoja na nakala, maana afisa huzilinganisha.

Utaulizwa maswali. Babu alizikwa wapi? Mwenyekiti wa kitongoji ni nani? Ulisoma shule gani, na nani alikuwa mwalimu mkuu? Najua yanavyochoma. Mtu aliyezaliwa Muyama, babu yake amelala chini ya mwembe wa Muyama, anaulizwa kama kweli ni wa hapa kwa sababu ya lafudhi yake. Ni jambo linalowaumiza Waha wengi, na lina haki ya kusemwa. Lakini dirishani si mahali pa kugombana. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, kambi ya Nyarugusu huko Kasulu ipo tangu 1996, na afisa ana wajibu wa kupambanua. Jibu taratibu, kwa ukweli, na usilolijua sema hulijui. Ukikwama kwenye ukoo, mzee mmoja wa familia akija nawe atamaliza kwa dakika tano kile ambacho ungekieleza saa nzima.

Ukipewa hati, usiondoke dirishani kabla hujasoma jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kadi ya njano

Chanjo ya homa ya manjano ichome mapema, kwa kuwa cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo kadi yako ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado inafaa. Itunze pamoja na hati.

Siku ya kuvuka

Njiani kutakuwa na vizuizi, basi hati isikae kwenye begi la juu ya gari. Ukifika Manyovu pita kwanza Uhamiaji wa Tanzania ugongewe muhuri wa kutoka, ndipo uende upande wa Burundi ugongewe wa kuingia. Usikubali kupitishwa bila muhuri kwa sababu "ni msiba tu". Mtanzania haombi viza Burundi. Kwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, mgeni kutoka nchi mwanachama hupewa kibali cha hadi miezi sita bila ada. Ukiambiwa ulipe, omba kwa upole stakabadhi yenye jina la ofisi. Watoto nao wanahitaji hati zao, na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na bibi awe na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki.

Burundi wako nyuma yetu saa moja: saa nne asubuhi yetu ni saa tatu kwao. Panga usafiri wa kurudi kwa saa ya Tanzania, hasa jioni. Magari kule hupita kulia, kwa hiyo mshike mtoto mkono unapovuka barabara. Shilingi badilisha kidogokidogo, mahali panapotambulika.

Ndugu watataka kukufungashia. Maharage ya kula na ndizi mbivu havina neno kubwa, vionyeshe tu forodha. Lakini machipukizi ya migomba yaache kule, hata kama ni ya aina ambayo mama ameililia miaka yote. Mnyauko wa migomba husafiri ndani ya chipukizi linaloonekana zima kabisa, na shamba likishaingiliwa hung'olewa shina kwa shina. Mimea ya kupanda inahitaji kibali cha afya ya mimea, na wakaguzi wako mpakani.

Wakati wa kurudi pita madirisha yaleyale mawili, muhuri wa kutoka Burundi kwanza, wa kuingia Tanzania baadaye. Wengi huusahau huu wa mwisho kwa kuwa wameshasikia "mwakeye", salamu ya Kiha, na kuona wamefika nyumbani. Hati isiyo na muhuri wa kurudi inaonyesha kwamba bado uko Burundi, na ndiyo itakayofunguliwa mezani siku utakapoomba nyingine.