Hofu Kali ya Mtihani wa Chuo: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Mwanafunzi anayetetemeka mlangoni mwa ukumbi wa mtihani mara nyingi amesoma. Hofu haifuti alichosoma, huziba njia ya kukifikia. Mwili ukidhani uko hatarini humwaga adrenalini: moyo huenda mbio, tumbo huvuruga, na nafasi ndogo ya akili inayotumika kufikiri papo kwa papo hujaa mawazo ya kufeli. Ndiyo maana jibu hurudi umeshafika nje. Mwili huo unaweza kuzoeshwa, lakini kazi hiyo huanza wiki mbili au tatu kabla.

Tafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, maktabani au kwa kiongozi wa darasa. Usizisome tu. Keti, weka simu mbali na saa mbele yako, andika kwa kalamu mpaka muda uishe. Kurudia noti mara kumi hukufanya uhisi unajua kwa sababu macho yameyazoea maneno, ilhali ukumbini utatakiwa kulitoa jibu kichwani bila kuangalia popote. Zoezi la kwanza lifanyie chumbani, la pili maktabani, la tatu katika darasa lenye watu wanaoingia na kutoka. Somo linalokutisha zaidi ndilo lipewe mazoezi mengi, ingawa ndilo utakalotamani kulikwepa.

Katika mazoezi hayo hayo panga dakika. Karatasi nyingi za vyuo vyetu hapa Kenya ni za saa mbili: swali la kwanza ni la lazima, alama 30, kisha unachagua mawili ya alama 20 kila moja. Dakika moja na nusu kwa kila alama inakupa 45, 30 na 30, jumla 105. Zinabaki 15: tano za kusoma na kuchagua maswali, kumi za kukagua. Ikariri hesabu hii, maana aliyeshikwa na hofu hawezi kuipiga papo hapo.

Pumzi nayo ina mazoezi yake, dakika tano kila siku. Vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hutuliza mapigo ya moyo. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa za haraka. Hapo hewa ya kaboni dioksidi mwilini hupungua, vidole hufa ganzi, kichwa huzunguka, na mtu hudhani anazimia. Ukiijaribu pumzi ya taratibu kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, usitarajie makubwa.

Ikiwa umewahi kutapika, kuzimia au kukimbia karatasi kwa sababu ya hofu, muone mshauri wa wanafunzi chuoni mapema, kabla foleni ya msimu wa mitihani haijajaa. Tunasisitiza hili. Usimeze dawa ya rafiki ya kutuliza moyo, kama propranololi: mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya. Uliza pia kanuni za mtihani maalum, ule wa aliyekosa karatasi kwa sababu inayokubalika. Kwa kawaida unahitaji barua ya daktari, na katika vyuo vingi alama zake huhesabiwa kamili, tofauti na sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli, ambayo hurekodiwa alama ya kupita tu. Na mawazo ya kujidhuru yakija, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, saa hiyo hiyo.

Wiki ya mwisho, maliza mambo ya karani: karo, kadi ya mtihani, kitambulisho cha chuo, jina la ukumbi. Kugundua asubuhi kwamba kadi haitoki kwa sababu ya salio la karo kunatosha kumvuruga hata asiye na hofu. Anayetoka Rongai au Githurai, pembezoni mwa Nairobi, apige hesabu ya msongamano wa asubuhi, tena mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda. Beba pesa za ziada, ulenge kufika dakika 45 mapema, au ulale kwa rafiki aliye karibu na chuo.

Usiku wa mwisho lala. Kahawa ya saa kumi jioni, takriban nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu na muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, huharakisha moyo ambao tayari unakimbia. Asubuhi kunywa uji, ule yai au ndizi.

Ukifika, kaa mbali na kikundi kinachoulizana maswali mlangoni. Andika kwa dakika kumi yote unayoyaogopa, bila kujikosoa. Njia hii imefanyiwa utafiti na imewasaidia wenye hofu kubwa. Kisha chana karatasi hiyo na uitupe, isije ikadhaniwa ni mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani.

Ndani, kichwa kikiwa kitupu, weka kalamu chini, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, toa pumzi ndefu sita. Wimbi la hofu hupanda na kushuka kwa dakika chache, na zile dakika kumi za kukagua zinaweza kulibeba. Anza na kipengele chochote unachokijua, hata cha alama mbili, kwani jibu moja huvuta jingine. Ukitoka, usisimame kulinganisha majibu. Kama kuna karatasi nyingine kesho, nenda ukale kwanza.