Namna ya Kuandaa Kazi ya Shindano la Uandishi Bunifu Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Ikiwa unaishi Tukuyu, Mafinga au Makete na unataka kushiriki shindano la uandishi bunifu, chagua kwanza shindano linalolingana na urefu wa kazi unayoweza kuikamilisha, kabla ya kutazama ukubwa wa zawadi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, huwavutia wengi kwa sababu ya mamilioni ya shilingi ya zawadi na nafasi ya kuchapishwa, lakini riwaya, ambayo ni mojawapo ya nyanja zake, ni kazi ya miezi mingi. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo huhitaji muswada wa kitabu kizima.

Kwa anayeanza, naamini mlango mzuri zaidi ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina ada, hupokea hadithi za maneno 2,000 hadi 5,000 ambazo hazijapata kuchapishwa, na huruhusu kuandika kwa Kiswahili, ilimradi mshiriki awe ametimiza miaka 18. Mwanafunzi wa sekondari aliye chini ya umri huo amuulize mwalimu wake wa lugha kuhusu mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, ambayo hupitia shuleni.

Kisha yasome masharti yote, kalamu ikiwa mkononi. Andika pembeni idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, na saa ya kufunga pamoja na nchi ambayo saa hiyo inahesabiwa. Angalia kama jina lako linaruhusiwa kuonekana kwenye hadithi yenyewe, kwa kuwa mashindano mengi huwataka majaji wasome bila kumjua mwandishi. Jambo linalowaponza vijana wengi wenye vipaji ni kuiweka hadithi Facebook au kuisambaza hadharani kabla ya kuituma, kwani baadhi ya waandaaji huihesabu kazi ya namna hiyo kuwa imeshachapishwa.

Katika kuandika, tumia unachokijua kwa macho yako. Hakuna sababu ya kuwapeleka wahusika wako Dar es Salaam ikiwa wewe umekulia karibu na foleni ya malori ya Tunduma au kwenye ukungu wa mashamba ya chai ya Mufindi. Hata hivyo, mandhari peke yake si hadithi. Mzee wa Rungwe mwenye miparachichi ni picha tu. Hadithi huanza pale dalali anapotaka kuvuna matunda ambayo hayajakomaa, naye mzee anadaiwa ada ya mjukuu, na binti yake, aliyemkataza kuuza, yuko njiani kurudi kutoka Mwanjelwa, jijini Mbeya. Anzia karibu kabisa na hapo, uwe na wahusika wawili au watatu, na historia ya ukoo iingie kidogo kidogo kupitia wanayoyatenda. Neno la Kinyakyusa au la Kihehe katika mazungumzo lina thamani kubwa likitumiwa kwa kiasi, na sentensi inayolizunguka ndiyo imwezeshe msomaji wa Tanga kulielewa.

Ukimaliza, iache hadithi kwa wiki moja, kisha uisome kwa sauti na kufuta kila sentensi inayorudia jambo lililokwisha kuonekana. Mpe pia msomaji asiyeogopa kukuudhi, kama vile mwalimu wa Kiswahili au mwanachuo wa Mkwawa pale Iringa, umwombe akuonyeshe mahali alipochoka, kwa sababu sifa za rafiki hazitakusaidia kusahihisha chochote.

Kabla ya kutuma, soma kipengele cha haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, hata kama hujaisajili popote. Mwandaaji anaweza kuomba ruhusa ya kuchapisha kazi za washindi, na hilo ni la haki. Lakini anayetaka kumiliki kazi za washiriki wote, wakiwemo walioshindwa, au anayemtoza mshindi fedha ili achapishwe, usimtumie kitu. Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa kuwa umeme na mtandao havina ahadi, na uhifadhi nakala ya hadithi pamoja na barua pepe ya kuthibitisha kwamba imepokelewa.