Kilti yako bado iko kwa fundi? Fanya hivi

Kwanza elewa kwa nini inachukua muda. Kilti ya ukweli ya Uskoti, ile sketi ya marinda ya wanaume, inakula kama yadi 8 za kitambaa cha sufu, yaani mita 7 na kitu, na marinda yanashonwa kwa mkono, tena fundi lazima ayapange mpaka mistari ya tartani, yaani ule mchoro wa miraba wa kitambaa, ikutane vizuri kule nyuma, sasa kazi hiyo ukiiharakisha inaharibika kabisa. Na kama tartani unayotaka haipo stoo inabidi ifumwe kwanza, hapo hesabu miezi.

Siku ya kuoda uliza tarehe, iandike, halafu usimsumbue fundi kila siku jamani, ikipita hiyo tarehe ndo utume meseji. Kama una harusi oda mapema saaana.

Kilti inavaliwa juu, usawa wa kitovu, sio chini kama jinzi, na inaishia magotini, kwa hiyo ukinenepa au ukipungua mwambie fundi kabla hajakata.

Huku unasubiri tafuta sporani, ule mkoba wa mbele, na soksi ndefu, viatu navyo anza kuvivaa ndani vilainike.