Kumpokea Farasi Mgeni: Kuanzia Langoni Hadi Aingie Kundini

Rafiki yangu anayefundisha watu kupanda farasi ameanza kupokea farasi wa wateja, walale kwake kwa malipo. Kila mara mgeni anapokaribia kufika, simu yangu huita. Swali la kwanza huwa lile lile: tandiko la mgeni liwekwe wapi? Tandiko liweke popote panapokauka. Maswali yenye uzito ni mengine, na nimeyakusanya hapa ili nimtumie yeye na yeyote mwenye shamba la namna hii.

Ninaandika kwa mtu aliyezoea kushika farasi. Sitaeleza jinsi ya kumteremsha kwenye gari wala jinsi ya kumpiga brashi.

Hatua ya 1: Maneno yaandikwe kabla farasi hajafika

Muulize mwenye farasi anakula nini na kiasi gani kwa kilo. Ukiambiwa "makopo mawili asubuhi", omba kopo lenyewe, maana makopo hayalingani. Uliza tarehe za chanjo, hasa pepopunda na mafua ya farasi. Uliza alipewa lini dawa ya minyoo na ni ipi, kwato zilipunguzwa lini, na kama amewahi kuugua chango la tumbo. Aliyewahi kuugua mara nyingi huugua tena.

Kisha uliza swali ambalo watu huona haya kuliuliza: farasi akizidiwa usiku na wewe hupatikani, nani anaamua apasuliwe au asipasuliwe, na gharama ikomee wapi? Jibu liandikwe na lisainiwe. Usikubali "tutaongea ikifika".

Jambo la mwisho, mwenye farasi alete nyasi kavu alizokuwa akimlisha, za kutosha siku kumi au zaidi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Wiki tatu za kukaa kando

Mgeni akae banda lake, awaone wenzake lakini pua zisigusane. Farasi asiyeona farasi mwingine huhangaika, huacha kula na huzunguka bandani mchana kutwa, kwa hiyo usimfiche nyuma ya ghala.

Ndoo yake, brashi zake, uma wake wa samadi na kamba yake vifungwe utepe wa rangi moja ili saisi (mtunza farasi) yeyote ajue haviendi kwingine. Ahudumiwe wa mwisho, kisha aliyemhudumia anawe mikono na abadilishe ovaroli. Mpira wa maji usitumbukizwe ndani ya ndoo yake. Watu wengi hulisahau hilo, na mpira huo huo unakwenda kujaza ndoo ya jirani.

Ninachokiogopa zaidi ni homa ya matezi inayoletwa na bakteria Streptococcus equi. Farasi aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 3 hadi 14 akionekana mzima kabisa. Baadaye homa hupanda, matezi ya chini ya taya huvimba na kupasuka usaha, na ukishafika hapo shamba zima limefungwa: hakuna masomo, hakuna farasi anayetoka wala anayeingia. Wiki tatu za mmoja kukaa kando ni nafuu mno.

Hatua ya 3: Kipimajoto, asubuhi na jioni

Katika ugonjwa huo, homa kwa kawaida hutangulia siku moja au mbili kabla farasi hajaanza kuambukiza wenzake. Ukiikamata homa mapema umewaokoa wengine. Ndiyo maana napima joto mara mbili kwa siku kwa wiki zote tatu, hata mgeni akiwa anarukaruka kwa uzima.

Kwa farasi mkubwa aliyetulia, joto ni kama 37.2 hadi 38.3, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16. Simama ubavuni karibu na paja, usisimame nyuma. Funga kipimajoto kwa uzi wenye kibanio, ukibane kwenye singa za mkia. Mapigo yahesabu kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Joto likifika 38.5 akiwa hajafanya kazi wala hajasimama juani, rudia baada ya muda mfupi. Likibaki hapo, mpigie daktari wa mifugo.

Andika kwenye daftari linaloning'inia mlangoni. Najua kuna programu za simu za kazi hii, na mimi sizitaki. Simu huondoka na mtu mmoja mfukoni, na saisi wa jioni anabaki akikisia asubuhi ilikuwaje. Daftari halina nywila.

Aliyesafiri safari ndefu mwangalie zaidi siku za kwanza. Farasi aliyefungwa kichwa kikiwa juu kwa saa nyingi hawezi kukiinamisha na kusafisha njia ya hewa, na uchafu unaweza kushuka mapafuni. Mlishe chini, sakafuni, ili kamasi zitoke. Kikohozi chenye homa baada ya safari kinahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Tumbo

Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote, na sehemu kubwa ya nyasi huvunjwa na vijidudu wanaoishi kwenye utumbo mpana. Vijidudu hao wamezoea chakula cha kule alikotoka. Ukibadilisha ghafla wanakufa wengi, gesi inajaa, na chango linaanza.

Kwa hiyo siku 3 za kwanza ale chakula chake cha zamani peke yake, kisha ongeza robo ya nyasi zako, baada ya siku 3 nusu, na kadhalika mpaka zake ziishe. Nafaka nazo zibadilishwe taratibu hivyo hivyo. Mimi wiki ya kwanza hupunguza nafaka, kwa sababu farasi aliyesimama bandani hana kazi ya kuzichoma.

Nyasi kavu apate kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7.5 hadi 10 kwa farasi wa kilo 500. Zipime kwa mizani ya kuning'iniza. Huna mizani ya kumpimia farasi mwenyewe? Zungusha futi kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upate mzingo kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Utapata kilo zinazokaribia kweli.

Maji yawe ya ndoo, hata kama banda lina chombo kinachojijaza chenyewe. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 20 hadi 45 kwa siku, na kwenye ndoo utaona amekunywa ngapi. Mavi nayo yahesabiwe. Farasi mzima hudondosha mafungu kama 8 hadi 12 kwa siku, na ukikuta mawili asubuhi, usiende kunywa chai kwanza.

Sampuli ya mavi ipelekwe kwa daktari ihesabiwe mayai ya minyoo kabla ya kumpa dawa yoyote. Kumpa dawa kwa mazoea ndiko kulikofanya minyoo wa farasi wawe sugu kwa dawa za zamani.

Hatua ya 5: Kumwingiza kundini

Hapa ndipo saa zinapokwenda, na hapa ndipo mwenye farasi atakusukuma: "Muachie tu, watazoeana." Watazoeana, ndiyo. Swali ni kama atakuwa bado ana miguu minne mizima.

Wiki moja kabla, mwite fundi wa kwato avue viatu vya chuma vya miguu ya nyuma, vya mgeni na vya wale atakaokutana nao. Teke la ukwato mtupu mara nyingi huacha uvimbe tu, lakini la chuma huvunja mfupa kwa urahisi zaidi. Mwenye farasi akikataa viatu vivuliwe, farasi wake hupewa malisho yake peke yake na jirani wa kuangaliana naye ng'ambo ya uzio. Hilo halina mjadala kwangu.

Kagua malisho ukiwa na macho ya farasi anayekimbizwa. Kona nyembamba, lango linaloishia kwenye kibanda, waya uliolegea, gari bovu lililoegeshwa pembeni: kila mahali ambapo farasi anaweza kubanwa na asipate pa kutokea ni pa kuzibwa. Kibanda chenye mlango mmoja mwembamba kifunge siku hiyo. Halafu mzungushe mgeni peke yake, kwa kamba, mchana, umwonyeshe uzio wote na mahali pa maji. Farasi asiyeujua uzio huupita.

Kuangaliana kwa uzio kufanyike siku kadhaa. Nyuzio mbili zenye nafasi ya mita 2 au 3 katikati ni bora kuliko mmoja. Kama una mmoja tu, uwe wa mbao imara, kamwe usiwe wa waya, maana farasi wawili wakinusana mmoja hulia kwa ukali na kurusha mguu wa mbele, na mguu huo hupita katikati ya nyaya. Uzio wa umeme nao una hila yake: mgeni akipigwa na shoti wakati ananusana na mwenzake, atadhani mwenzake ndiye aliyemchoma.

Sasa mchagulie mwenzi. Wapo wanaosema aanze na mkuu wa kundi ili mambo yaishe. Mimi sikubaliani nao. Mkuu ana cheo cha kulinda, na wa mwisho kabisa naye mara nyingi hupata nafasi ya kumwonea mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Chukua wa katikati, mtulivu, asiyejali. Waweke wawili hao pamoja kwenye malisho ya pembeni mpaka uwaone wanakwaruzana shingo kwa meno au wanakula bega kwa bega. Wengine huchukua siku mbili, wengine wiki. Baada ya hapo waingie kundini wote wawili, mgeni akiwa tayari ana mtu wake.

Siku ya kuingia iwe asubuhi, ardhi kavu, farasi wote wakiwa wameshakula. Hakuna nafaka malishoni, hata punje. Tandaza nyasi mafungu mengi kuliko farasi: wakiwa saba, weka tisa au kumi, yakiachana kama mita 10 na yakae kwa duara, yasiwe mstari. Anayefukuzwa kwenye fungu moja akute jingine mbele yake. Wavue mikanda ya kichwani. Kama kuna asiyekamatika bila mkanda, uwe wa ngozi, ambao hukatika ukinasa. Wa nailoni haukatiki, hukatika shingo.

Majike wakiwa kwenye joto, ahirisha kuingiza dume aliyehasiwa, kwani hata watulivu huanza kugombania. Dume asiyehasiwa hahusiki na mwongozo huu kabisa.

Mlio wa ukali, masikio kulala nyuma, kukimbizana mizunguko michache, mateke ya hewani: hayo ni mazungumzo, yaache. Ninaloingilia ni kumfuata mmoja bila kumpa nafasi ya kusimama mpaka anatoka jasho, kumzuia maji, kumbana konani, au wawili kuungana dhidi yake. Usikimbilie katikati yao kwa miguu. Tingisha ndoo ukiwa nje ya lango, au tumia kamba ndefu ukiwa mbali. Na ukishawatenganisha, mtoe mchokozi, mgeni abaki. Mchokozi akae pembeni siku chache, na akirudi atakuta wenzake wamepangana upya, yeye ndiye anayerudi kama mgeni. Dawa hii imenisaidia zaidi ya nyingine zote.

Wakae pamoja mchana tu kwa siku za mwanzo. Usiku wa kwanza wa kulala nje usubiri mpaka upite mchana mzima bila mbio. Kila jioni pitisha mkono miguuni, mbavuni na kifuani, kwa sababu jeraha dogo karibu na kiungo halionekani chini ya manyoya na linaweza kuwa zito kuliko mkwaruzo mkubwa wa pajani.

Hatari kwa watu ni kubwa vile vile. Katika kipindi hiki hakuna mwanafunzi anayeingia malishoni kukamata farasi, hata yule mzoefu anayejua yote. Saisi naye asiingie na ndoo ya chakula. Ukimtaka mgeni, waondoe kwanza wanaomzunguka. Wateja wanaotaka kurekodi video wakae nje ya lango na wafunge midomo, maana kelele za "jamani, jamani!" huwapandisha farasi mori.

Ukiweza, mpangilio wa kundi usiuguse tena kwa muda. Shamba linalobadilisha farasi malishoni kila wiki kwa kufuata ratiba ya masomo halimalizi kamwe kupigana vyeo.

Hatua ya 6: Kama atatumika kufundishia

Mwenye farasi akikubali atumike kwenye masomo, asipewe mwanafunzi mpaka mwalimu amempanda mara kadhaa, peke yake na kisha pamoja na wengine uwanjani. Farasi mpole kwao anaweza kuwa mwingine akipitwa kwa kasi na asiyemjua.

Jaribu tandiko lake, maana aliyekonda safarini tandiko humchezea mgongoni. Mshipi wa tumboni ukazwe mara tatu: akitandikwa, baada ya kutembezwa, na mpandaji akiwa juu. Wanafunzi waachiane zaidi ya urefu wa farasi mmoja. Mkiani mfunge utepe mwekundu, ile alama ya farasi anayepiga teke, hata kama mgeni hajampiga mtu. Kwangu haufunguliwi mpaka walimu wote wanaomtumia wakubaliane.