Sauti inakwaruza kwenye programu yako? Usianze na bafa

Unabonyeza kitufe cha kucheza, spika zinatoa mkwaruzo kama redio iliyopotea stesheni. Wengi hapo hukimbilia kuongeza ukubwa wa bafa, yaani akiba ya data inayosubiri kuchezwa. Kuna siku inasaidia, lakini mara nyingi kelele inabaki palepale, maana namba zilishaharibika kabla ya kufika kwenye kadi ya sauti. Hapa natumia Python pamoja na maktaba za numpy (`np`), sounddevice (`sd`) na soundfile (`sf`). Ukiandika kwa C au Java, mpangilio ni uleule.

Kabla ya yote, vua hedfoni na upunguze sauti. Data mbovu hutoka kwa nguvu zote.

Hatua ya 1: Hifadhi unachokipeleka kwenye kadi

Mwishoni mwa kolibaki, yaani ile fankisheni inayoitwa kila kadi inapohitaji data, weka nakala:

    rekodi.append(outdata.copy())

Ukishasimamisha mkondo (stream, njia inayopeleka data kwenye kadi), andika faili:

    sf.write('jaribio.wav', np.concatenate(rekodi), int(mkondo.samplerate))

Hiyo `copy()` si pambo. Kumbukumbu ya `outdata` ni ya kuazima, hutumika tena kolibaki ikimalizika. Bila nakala utakuwa unachunguza takataka. Angalia pia kwamba faili linaandikwa kwa kasi ya mkondo, si ya faili la asili. Sekunde chache zinatosha, kisha mstari huo uutoe.

Fungua jaribio.wav kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Likisikika bovu huko nako, kosa liko kwenye data: endelea na hatua ya 2. Likiwa safi, ruka hadi ya 5.

Hatua ya 2: Maneno yanasikika, ila msemaji anakimbia

Kasi ya sampuli, yaani idadi ya namba za sauti kwa sekunde katika kila chaneli, hailingani. Faili la 44100 likichezwa kwa 48000 huenda mbio kwa karibu asilimia 9, na sauti hupanda kama semitoni moja na nusu. Ikikimbia mara mbili kamili, data ya mono imepokelewa kama stereo; ikijikokota nusu ya mwendo, ni kinyume chake. Ukiita `sd.play(data)` bila kutaja kasi, inatumika ile ya kifaa, kwa hiyo itaje kila mara.

Hatua ya 3: Kelele tupu, hakuna neno linaloshikika

Tazama aina ya namba. WAV ya biti 16 ina namba kati ya -32768 na 32767, lakini mkondo wa float32 (namba za desimali) unategemea -1 hadi 1. Ukiandika `astype('float32')` ukasahau kugawa kwa 32768, karibu kila sampuli inavuka mpaka na kukatwa. WAV ya biti 8 ina kituko chake: haina namba hasi, na kimya chake ni 128.

Kama unasoma baiti mwenyewe, acha mazoea ya kuruka 44 za mwanzo ukidhani data inaanzia hapo. Kuna mafaili yenye kipande cha LIST kabla ya data. Ukianzia nusu ya sampuli, kila namba inaungana na baiti ya jirani yake na kinachotoka ni kelele tu. Kazi hiyo iachie maktaba ya soundfile.

Hatua ya 4: Inapasuka kwenye sehemu za sauti kubwa tu

Hapa ndipo programu za kuchanganya sauti huanguka. Chukua sampuli ya msemaji yenye 20000 na ya muziki yenye 15000. Jumla ni 35000, nayo haiingii kwenye int16 (namba nzima za biti 16), kwa hiyo inageuka kuwa -30536. Ukijumlisha safu mbili za int16, numpy haitoi onyo lolote.

Kuza wimbi kwenye Audacity mpaka uone sampuli mojamoja. Mstari ukifika karibu na kilele halafu sampuli inayofuata iko chini kabisa, namba imezunguka. Vilele vikiwa bapa, kana kwamba vimekatwa kwa mkasi, sauti imezidi kiwango tu. Dawa ya mzunguko:

    jumla = a.astype('int32') + b
    toka = np.clip(jumla, -32768, 32767).astype('int16')

`np.clip` inazuia mzunguko, haizuii ubapa. Ubapa unaondoka ukipunguza nguvu ya muziki kabla ya kujumlisha, na kwangu mimi muziki wa nyuma hauna sababu ya kushindana na msemaji.

Hatua ya 5: Faili ni safi, spika zinatoa "tk, tk"

Sasa ni suala la muda. Fremu 512 (fremu ni sampuli moja ya kila chaneli) kwa kasi ya 48000 zinakupa milisekunde 10.7 tu, kolibaki ikichelewa, kadi inakosa cha kucheza. Hesabu mara ambazo `status.output_underflow`, alama ya kwamba kadi imekosa data, inakuwa kweli. Ndani ya kolibaki usisome diski, usiite `print`, usisubiri kufuli (lock). Usomaji uhamishie kwenye uzi (thread) mwingine unaojaza foleni mapema. Ukishafanya hivyo ndipo uongeze `blocksize`, yaani ukubwa wa bafa, ikihitajika.

Ikiwa "tk" inatokea kwenye hedfoni za Bluetooth, jaribu za waya. Na kama sauti imefifia ghafla mara tu programu ilipofungua maikrofoni ya hedfoni hizo, kifaa kimehamia hali ya simu, yenye chaneli moja na kasi ndogo ya sampuli. Tumia maikrofoni ya laptopu na sauti itarudi.