Mpini wa kisu kwa mwaloni mweusi wa kinamasi: hatua kwa hatua

Mwaloni mweusi ni mti wa Ulaya uliozikwa. Maelfu ya miaka iliyopita mialoni iliangukia kwenye vinamasi vya Uingereza, Ireland, Urusi na kwingineko, ikafunikwa na tope lisilo na hewa, na vijidudu vya kuozesha mti vikakosa nafasi. Humo ndani tanini ya mwaloni, ile kemikali chungu ya asili iliyomo kwenye mti, ilikutana na chuma kilichoyeyuka majini. Mti ukageuka kahawia, kisha mweusi hadi kiini. Mwaka 2012, huko Wissington, Norfolk, lilipatikana gogo la urefu wa mita 13 na ushei, lenye umri wa karibu miaka 5,000.

Mapambano ya tanini na chuma hayakuishia kinamasini. Hapa Mwanza wengi tunatengeneza visu kwa springi chakavu za magari. Chuma hicho kinashika makali vizuri, lakini kinashika kutu pia, na mti wenye tanini ukilowa ukiwa umegusana nacho unakitia weusi na kukila polepole. Kwa hiyo karibu kila nitakachoeleza hapa kina lengo moja: maji yasifike kati ya mti na chuma.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Usiagize mti mbichi uliotoka topeni. Unapokauka unasinyaa, unapinda na kupasuka vibaya, na kuukausha kunataka miezi mingi, hata miaka, ncha zake zikiwa zimepakwa nta. Agiza vipande viwili vilivyokauka, kimoja kwa kila upande wa mkia wa chuma wa kisu, vilivyotoka kwenye ubao mmoja, unene wa milimita 10. Vikifika, vifute kwa spiriti uviangalie vikikauka: ufa hubaki na mstari wa unyevu wakati uso umeshakauka. Kama kisu ni cha jikoni, tafuta vilivyoshindiliwa resini, yaani plastiki ya maji inayogandia ndani ya mti. Bei iko juu, lakini inastahili.

Hatua ya pili ndiyo watu wanaikimbia. Mti uliokaa kwenye ghala kavu la Ulaya ukiletwa ukanda wa ziwa unaanza kunywa unyevu wa hewa, hasa wakati wa masika. Ukiukata siku hiyohiyo, mpini utavimba baadaye na kupita ukingo wa chuma. Weka vipande kivulini mahali penye hewa, mbali na ukuta wenye unyevu, na uvipime kila wiki kwa mizani ndogo ya dijitali. Andika uzito kwa penseli juu ya mti wenyewe. Uzito ukitulia wiki tatu mfululizo, anza kazi.

Sasa nyoosha uso wa ndani. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo kinene, usugue mpaka kipande kikae juu ya chuma bila mwanga kupenya. Hapo hapo vaa barakoa nzuri, si kitambaa. Vumbi la mwaloni ni jepesi mno, linawasha, na vumbi la miti migumu linajulikana kusababisha saratani ya pua.

Kutoboa: weka ubao wa taka chini, endesha drili taratibu, uitoe mara kwa mara isipate joto. Tundu liwe pana kidogo kuliko ripiti, ili ripiti iingie kwa kidole. Usiigonge kwa nyundo kupanua kichwa kama tunavyozoea kwenye mipini ya mninga. Mti huu umezeeka, unapasuka kwa mshtuko. Tumia ripiti za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, uache gundi ishike.

Kabla ya gundi, maliza kabisa ncha ya mpini inayoelekea makali, msasa hadi namba 400, kwani baadaye huwezi kuifikia bila kukwaruza kisu.

Gundi iwe epoksi ya kukauka polepole. Kwaruza chuma kwa msasa namba 80, kifute kwa asetoni, kisha paka epoksi chuma chote kinachofunikwa na mti, matundu pamoja na kingo. Safu hiyo ndiyo ngao. Bana kwa klempu kiasi tu. Ukikaza kupita kiasi unaikamua gundi yote nje. Acha saa 24.

Kuchonga ni raha. Anza na tupa, malizia na msasa, na ukitumia mashine gusa mti kwa kidole kila mara. Ukiwa wa moto, simama. Unga wa chuma futa mara moja, usilale juu ya mti. Mafuta ya kitani, safu nyembamba kadhaa, kila moja ikauke, halafu nta ya nyuki.

Kisu cha kupasulia sangara sokoni Kirumba sitakiwekea mti huu hata mteja akiomba. Kinashinda majini tangu alfajiri, na mpingo wetu unavumilia shuluba hiyo vizuri zaidi. Mwaloni mweusi uwe wa kisu cha nyumbani au cha zawadi, kinachooshwa kwa mkono na kufutwa papo hapo.

Unga mweusi unaobaki usiutupe. Uweke kwenye kichupa. Ukichanganywa na epoksi unaziba nyufa ndogo za mpini unaofuata bila kuonekana.