Kabla hujaruka kwa kuona kwa macho: maandalizi ya kuepuka kugongana angani

Rubani anayeruka kwa VFR, yaani sheria za kuruka kwa kuona kwa macho, hukwepa ndege nyingine kwa macho yake mwenyewe, na jicho lina mipaka. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hukadiria sekunde 12.5 tangu kitu kionekane hadi ndege yako iitikie na kugeuka. Ndege mbili ndogo zinazoelekeana, kila moja kwa kilomita 220 kwa saa, humaliza kilomita moja na nusu kwa muda huo. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika injini ikiwa bado imezimwa.

Anza na kioo. Futa vumbi na wadudu waliokaukia hapo, kwa sababu ndege ya mbali nayo huonekana kama doa tu. Tena doa la hatari ni lile lisilosogea. Linalohama kiooni litapita kando; lililotulia mahali pamoja huku likikua ndilo linalokuja kwako. Nguzo ya kioo inaweza kulificha njia nzima, kwa hiyo jizoeze kusogeza kichwa, si macho peke yake.

Yanayokulazimisha kuinamisha kichwa yamalize chini: masafa ya redio yaandike kwa mpangilio wa safari, soma NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani), jua uwanja unaokwenda una mzunguko wa kutua wa kushoto au wa kulia na wa futi ngapi. Weka QNH sahihi, yaani kipimo cha kanieneo cha hewa kinachorekebisha altimita (kipima kimo), maana altimita yenye makosa hukupeleka kwenye kimo cha mwenzio. Ukizidi futi 3,000 juu ya ardhi, njia ya sumaku (mwelekeo wa safari kwa dira) ya nyuzi 000 hadi 179 huchukua kimo kama futi 5,500 au 7,500. 180 hadi 359 huchukua kama 6,500 au 8,500. Hata hivyo, anayeelekea 010 na anayeelekea 170 wote wanaweza kuwa 5,500, hivyo bado wanaweza kukutana.

Transponda, kifaa kinachojibu rada, iwe kwenye ALT ili itume na kimo chako, na taa za kutua ziwake. Skrini ya kuonyesha ndege nyingine isikutulize: isiyo na transponda haitaonekana humo.

Hatari kubwa iko karibu na viwanja, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka uwanja wa ndege wa Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki, Dash 8 ikarudi kutua salama. Unaporuka eneo kama hilo, sikiliza redio uchore kichwani nani yuko wapi. Kwenye Cessna 172, ambayo mabawa yake yako juu, bawa humziba rubani upande anaogeukia, basi inua bawa kwanza, tazama, ndipo ugeuke. Ndege ya mabawa ya chini haioni iliyo chini yake inaposhuka kutua.

Tazama anga kwa vipande vya nyuzi 10, ukituliza jicho walau sekunde moja kila kipande. Anga tupu hulegeza macho yakaishia mita chache mbele. Yakazie kwanza kilima au wingu la mbali. Mkielekeana uso kwa uso, kila mmoja hugeukia kulia.

Abiria waelekeze kutaja wanachokiona kwa namba za uso wa saa, 12 ikiwa mbele ya ndege na 2 mbele kulia: “namba mbili, juu yetu.” Katika mafunzo, mwalimu na mwanafunzi wakubaliane kabla ya kuondoka nani anatazama nje huku mwenzake ameinamia vyombo.